Maswali Yaliyoua Watu Salem

Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya kisa kilichotokea mbali sana na hapa, katika nchi inayoitwa leo Marekani, mwaka wa 1692. Najua wapo watakaouliza, mambo ya wachawi wa Wazungu yanatafuta nini katika jarida la Kiswahili? Ngoja kidogo. Mimi nimekisoma kisa hiki zaidi ya mara moja, na kila nikikisoma naona ni somo la lugha kabla halijawa somo la Historia. Watu 20 waliuawa na serikali pale Salem, na ukichunguza vizuri utaona wengi wao walikwisha kuhukumiwa tangu swali la kwanza lilipotoka kinywani mwa hakimu.

Kwanza tuwajue wenyewe. Koloni la Massachusetts lilikuwa chini ya Uingereza. Wakazi wake wengi walikuwa Wapuritani, yaani Waprotestanti walioona kwamba Kanisa la Uingereza halijasafishwa vya kutosha, wakavuka bahari kwa wingi kuanzia 1630 ili waishi kwa kufuata Biblia neno kwa neno. Hata Krismasi hawakuisherehekea! Lakini tusije tukawadharau tukafikiri walikuwa wajinga. Hao ndio walioanzisha Chuo cha Harvard mwaka wa 1636. Majaji wa kesi hizi walikuwa watu wenye mali na vyeo, na baadhi yao walikuwa wamesoma sana. Kuamini kwamba wachawi wapo lilikuwa jambo la kawaida kwa Wazungu wa wakati ule, msomi kwa mkulima, na sheria ya Kiingereza ya 1604 iliufanya uchawi kuwa kosa la kunyongwa.

Tena mwaka ule ulikuja na mabaya mengi nyuma yake. Ndui ilikuwa imepita mwaka wa 1690. Upande wa kaskazini kulikuwa na vita na Wahindi Wekundu wa Wabanaki, na watu waliochomewa nyumba zao walikuwa wamekimbilia sehemu za Salem. Koloni lenyewe lilikuwa limenyang'anywa hati yake ya kujitawala mwaka wa 1684, kwa hiyo kwa muda hapakuwa na serikali iliyosimama sawasawa. Na pale Kijiji cha Salem (leo kinaitwa Danvers) jirani alikuwa hasemezani na jirani. Waligombana kuhusu mipaka ya mashamba, na waligombana kuhusu mchungaji wao, Samuel Parris, ambaye baadhi ya waumini walikataa kumlipa mshahara na kumpelekea kuni. Wahenga walisema palipo na moshi pana moto. Hapa moto ulikuwako zamani, ulikuwa ukingoja mtu wa kuupuliza tu.

Aliyeupuliza alikuwa mtoto. Mapema mwaka wa 1692, Betty Parris, binti wa mchungaji, mwenye miaka 9, na ndugu yake Abigail Williams, miaka 11, walianza kupiga mayowe, kujikunja, kutambaa chini ya viti na kusema wanachomwa na pini. Tabibu akaitwa. Hakuona ugonjwa anaoujua, akasema ni mkono mwovu. Muda si muda wengine wakashikwa: Ann Putnam, miaka 12, Elizabeth Hubbard, miaka 17, na wengine tena.

Je, walikuwa wakiigiza? Hapa ndipo watu wengi wanapokimbilia kusema, aa, hao wasichana walikuwa waongo tu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Wanasaikolojia wanatueleza kwamba kuna taharuki ya umati: watu wanaoishi pamoja chini ya hofu na kanuni kali, mmoja akianguka, mwenzake akimwona naye huanguka, na maumivu huwa ni ya kweli ingawa hakuna kidudu wala sumu mwilini. Mwaka wa 1976 mtafiti mmoja alisema huenda walikula nafaka yenye kuvu inayomfanya mtu aone mambo yasiyokuwapo. Wengine wakampinga mwaka uo huo. Mimi pia naona haingii akilini, maana kuvu ya nafaka haimchagui yule jirani mliyekosana naye shamba. Lakini hata tukisema wasichana waliugua kweli, mayowe ya mtoto hayawezi kumnyonga mtu. Kamba hufungwa na watu wazima, na ili waifunge wanahitaji karatasi ya mahakama.

Basi tuingie mahakamani. Tarehe 29 Februari 1692 hati za kukamata zilitolewa kwa wanawake watatu. Angalia waliochaguliwa. Tituba, mtumwa katika nyumba ya mchungaji. Sarah Good, maskini aliyezunguka akiomba chakula na kunung'unika aliponyimwa. Sarah Osborne, mgonjwa ambaye hakuwa ameonekana kanisani kwa muda mrefu. Kamba hukatikia pembamba.

Kesho yake hakimu John Hathorne alimsimamisha Sarah Good. Maandishi ya siku ile yapo hadi leo. Swali la kwanza halikuwa kama alifanya jambo lolote. Aliulizwa ana urafiki na pepo gani mchafu. Akajibu hana. Akaulizwa kama hajafanya mapatano na Shetani. Akajibu la. Akaulizwa kwa nini anawaumiza watoto hawa. Akajibu hawaumizi.

Sasa wewe mwanafunzi wa Kiswahili uliyefundishwa viulizi, yatazame maswali hayo. Kiulizi "je" kinamwachia mtu milango miwili, ndiyo na siyo. Kiulizi "kwa nini" kimekwisha kuufunga mlango mmoja. Mtu akikuuliza, "Je, umeiba kalamu yangu?" unaweza kujibu. Akikuuliza, "Kwa nini umeiba kalamu yangu?" tayari wewe ni mwizi, kilichobaki ni kueleza sababu. Na akikuuliza, "Umeacha lini kuiba?" ndiyo basi kabisa, hata ukitaja tarehe umekwisha. Hathorne aliuliza namna hiyo tangu mwanzo. Halafu wasichana walipoletwa mbele ya Sarah Good walianza kugaagaa na kupiga kelele, na kelele hizo zikaandikwa kuwa ushahidi.

Tituba naye mwanzoni alikana. Kitabu kilichotoka 1700 kinaeleza kuwa alisema bwana wake alimpiga mpaka akiri. Alipokiri, alikiri kwelikweli. Alitaja mtu mrefu aliyevaa nguo nyeusi, ndege wa rangi ya manjano, na kitabu cha Shetani ambamo watu hutia alama zao. Akasema ameziona alama tisa. Alizoweza kuzitaja wenyewe zilikuwa mbili tu, ya Good na ya Osborne. Ah! Laiti angesema alama tatu, pengine mambo yangeishia pale. Sasa kijiji kizima kikabaki kinahesabu: tisa, na hatujui waliobaki ni nani. Kila mtu akaanza kumtazama jirani yake.

Kesi zenyewe zilianza Juni, baada ya gavana mpya, William Phips, kuunda mahakama maalumu mwezi wa Mei, jaji wake mkuu akiwa William Stoughton. Washtakiwa hawakuwa na mawakili. Ushahidi uliotegemewa sana ulikuwa ule ambao mimi nauita ushahidi wa mzuka. Msichana alisema, ninaona umbo la fulani likinibana koo. Wengine waliomo chumbani hawaoni kitu. Majaji wakaukubali, maana Stoughton alishikilia kwamba Shetani hawezi kutumia umbo la mtu bila mwenyewe kuridhia. Haya, jitetee sasa! Useme usiku ule ulikuwa kitandani? Watakuambia mwili ndio uliokuwa kitandani, mzuka ulitoka. Umlete mume wako awe shahidi? Aliuona mwili tu. Katika kesi ya kuku aliyeibwa mtu anaweza kusema, njooni mtafute nyumbani kwangu. Mzuka unatafutwa wapi?

Na kulikuwa na jambo jingine baya kuliko hilo. Katika mahakama ya kawaida mtu akikiri ndipo anapofungwa. Salem ilikuwa kinyume: aliyekiri uchawi na kutaja wenzake aliwekwa kando ili atoe ushahidi zaidi, na aliyekana ndiye aliyenyongwa. Watu wapatao 50 walikiri. Kati ya wote 19 walionyongwa hakuna hata mmoja aliyesimama na ukiri wake hadi mwisho. Samuel Wardwell alikuwa amekiri, kisha dhamiri ikamsuta akasema alidanganya. Akanyongwa tarehe 22 Septemba. Kwa hiyo uongo ulikuwa na malipo, na ukweli ulikuwa na kitanzi. Kila aliyekiri alitaja majina, kila jina likaleta ukiri mwingine, na jumla ya waliotajwa ikapita 150. Mji jirani wa Andover peke yake ulikuwa na washtakiwa zaidi ya 40. Nikifikiria haya nashindwa kuwalaumu waliokiri. Ningekuwa mimi pale, na mama yangu jela, sijui ningesema nini.

Kesi ninayotaka tukae nayo kidogo ni ya bibi mmoja, Rebecca Nurse, mwenye miaka 71. Huyu hakuwa ombaomba. Alikuwa mcha Mungu anayeheshimiwa, na majirani 39 walithubutu kuweka sahihi zao kwenye karatasi ya kumtetea. Mwisho wa Juni baraza la wananchi 12 walioisikiliza kesi yake walitoa uamuzi: hana hatia. Wasichana wakaangua mayowe mle mahakamani. Ndipo Jaji Stoughton alipowauliza wale 12 kama wameyazingatia maneno fulani aliyoyatamka yule bibi. Maneno gani? Mwanamke mmoja mfungwa aliyekiri uchawi, Deliverance Hobbs, alipoletwa kutoa ushahidi, Rebecca alishangaa na kusema kwamba huyu ni mmoja wao. Kwa Kiswahili tungesema, mwenzetu.

Mwenzetu! Neno dogo hilo tunalitumia kutwa nzima. Mwenzetu wa darasa, mwenzetu wa safari, mwenzetu katika taabu. Rebecca alimaanisha mfungwa mwenzetu, tuliyefungiwa naye chumba kimoja. Mahakama ikasikia mchawi mwenzetu. Wale 12 walirudi faraghani, wakashindwa kuamua, kiongozi wao akarudi kumwuliza mwenyewe alikuwa na maana gani. Bibi hakujibu. Kimya hicho kikachukuliwa kuwa jibu, nao wakabadilisha uamuzi wao: ana hatia. Baadaye Rebecca alieleza kwa maandishi kwamba masikio yake ni mazito, na kwa huzuni aliyokuwa nayo hakusikia hata kama ameulizwa. Hapakuwa na mtu wa kumgusa bega na kumwambia, Nyanya, unaulizwa. Gavana alimpa ahueni, kisha akaiondoa. Alinyongwa tarehe 19 Julai pamoja na wanawake wengine wanne, mmoja wao yule Sarah Good wa swali la kwanza.

Watu wa Salem walikuwa na mitihani mingine ya kumjua mchawi, na mmoja ulikuwa huu: mchawi hawezi kuisema Sala ya Bwana bila kukosea. Mchungaji George Burroughs, aliyekuwa zamani mchungaji wa kijiji hicho, aliisema yote akiwa chini ya kitanzi, hakukosea hata silabi. Umati ukaguswa, watu wakaanza kunong'ona. Mchungaji mwingine maarufu, Cotton Mather, akawatuliza akiwa juu ya farasi, na unyongaji ukaendelea. Hiyo ilikuwa tarehe 19 Agosti. Huo ndio mtihani ambao ukianguka unakufa, na ukipita pia unakufa.

Giles Corey, mkulima wa miaka 80 hivi, yeye alikataa kukubali kuhukumiwa na mahakama ile. Sheria ilisema mtu wa namna hiyo alazwe chini na kuwekewa uzito kifuani mpaka akubali. Aliwekewa mawe mpaka akafa, tarehe 19 Septemba. Siku tatu baadaye mkewe Martha alinyongwa. Watu wengine wasiopungua watano walifia jela, akiwemo Sarah Osborne, aliyekufa Mei kabla kesi hazijaanza. Na jela zenyewe! Mfungwa alidaiwa gharama ya chakula chake na ya minyororo yake pia, na hata akiachiliwa hatoki kabla hajalipa. Tituba alikaa ndani mpaka 1693, bwana wake akakataa kumlipia, mtu mwingine akalipa na kumchukua. Mtoto wa Sarah Good, Dorothy, alikuwa na miaka minne au mitano. Naye alifungwa minyororo kwa miezi kadhaa, eti ni mchawi mdogo. Mwaka wa 1710 babake aliandika kwamba tangu wakati ule akili za binti huyo hazikukaa sawa.

Mambo yaligeuka Oktoba. Watu wenye vyeo walikuwa wameanza kutajwa, na mchungaji Increase Mather, babake yule Cotton, aliandika kwamba ni afadhali wachawi kumi wanaoshukiwa waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na kosa kuhukumiwa. Gavana akaivunja ile mahakama. Januari 1693 mahakama mpya ilianza kazi, na ikakataa ushahidi wa mzuka. Matokeo yake? Karibu wote wakaonekana hawana hatia, na watatu waliohukumiwa wakasamehewa na gavana. Wasichana ni wale wale, na kijiji ni kile kile. Kilichobadilika ni kanuni moja tu ya mahakama, na wachawi wakaisha! Ndiyo maana nikasema sikubali lawama yote waitwike watoto.

Kabla sijasahau, yapo mambo mawili ambayo watu huyaeleza vibaya. Hakuna aliyechomwa moto Salem. Huko Ulaya bara wengi walichomwa, lakini sheria ya Kiingereza ilisema kunyonga. Pili, walioisoma tamthilia ya Arthur Miller ya 1953, inayoitwa The Crucible, hudhani Abigail alikuwa msichana mkubwa aliyempenda John Proctor. Miller alibadilisha umri ili apate tamthilia yake, kwani alikuwa akiwasema wanasiasa wa Marekani wa wakati wake waliowawinda watu kwa madai kuwa ni wakomunisti. Abigail wa kweli alikuwa na miaka 11 na Proctor alikuwa na miaka 60 hivi.

Mtu wa Salem ninayemheshimu kuliko wote ni Mary Easty, ndugu wa Rebecca Nurse. Alipokwisha kuhukumiwa aliwaandikia majaji. Hakuomba maisha yake, alijua atakufa. Aliomba damu nyingine isiyo na hatia isimwagwe, na akawapa ushauri: wachukueni hawa wanaougua, mwekeni kila mmoja mbali na mwenzake, kisha muwahoji. Ni jambo ambalo hata mwalimu wa zamu analijua, kwamba ukitaka kujua nani aliyevunja dirisha usiwahoji wote wakiwa pamoja. Majaji wenye elimu hawakulifanya. Alinyongwa tarehe 22 Septemba, siku ya mwisho ya kunyonga.

Ile sheria ya Kiingereza ya 1604 ilifutwa na Bunge la Uingereza mwaka wa 1736, na mpya ikageuza kosa: sasa anayeadhibiwa ni yule anayejidai kuwa ana uchawi. Fikira hiyo ndiyo iliyofika kwetu na wakoloni katika Sheria ya Uchawi ya Kenya ya 1925, ambayo iliongeza kwamba kumshutumu mwenzako hadharani kuwa mchawi ni kosa pia. Hata hivyo Mei 2008 kule Kisii wazee 11 walichomwa hadi kufa kwa shutuma hiyo. Wao hawakupata hata swali la Hathorne.

Turudi Massachusetts tumalizie. Tarehe 14 Januari 1697 jaji mmoja, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya watu wakati ungamo lake likisomwa, akakubali lawama. Wananchi 12 waliokuwa katika baraza nao waliomba radhi. Mwaka wa 1706 Ann Putnam, sasa mwanamke wa miaka 26, alisimama vivyo hivyo na kukiri kwamba aliwashtaki watu wasio na hatia, akamtaja Rebecca Nurse na ndugu zake. Mwaka wa 1711 serikali ilifuta hukumu za watu kadhaa na kuzilipa familia zao fidia ya pauni 578 na shilingi 12.

Si zote zilizofutwa. Mwaka wa 1957 bunge la Massachusetts lilitoa azimio la kuwaosha waliobaki, lakini lilimtaja kwa jina Ann Pudeator peke yake, wengine wote likawaweka katika maneno "na watu wengine fulani". Iliwabidi wangoje hadi 2001 ndipo wanawake watano waandikwe kwa majina yao. Na bado mmoja akasahaulika: Elizabeth Johnson wa Andover, aliyekiri akiwa na miaka 22, akahukumiwa Januari 1693, na kunusurika kitanzi kwa sababu ya gavana. Mwenyewe aliomba mwaka wa 1712 jina lake lisafishwe, hakusikilizwa. Hakuacha mtoto wala mjukuu wa kumsemea. Waliomsemea mwishowe ni wanafunzi wa darasa la nane wa shule moja ya North Andover pamoja na mwalimu wao. Walizichimbua karatasi za kale wakati wa masomo, wakaandika barua, wakatafuta seneta wa kuupeleka mswada bungeni. Julai 2022 lile azimio la 1957 likafanyiwa marekebisho. Yalikuwa ya maneno machache tu, na ndani yake mliandikwa jina la Elizabeth Johnson.